Kimya si Sifuri

Wahenga wetu walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kwamba kila namna ya kuuliza ni ya haki. Leo nataka kubishana na makundi mawili ya wasomi wenzangu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo mno kwa ukurasa huu uliozoea bajeti, katiba na ardhi, nalo ni hili: programu ya kompyuta inapotaka jibu kwa mtu, imuulizeje? Tena nitazungumzia programu za lugha ya BASIC, lugha ambayo wataalamu wa kompyuta siku hizi huitaja kwa kicheko. Namwomba msomaji anivumilie. Ninayo sababu, na sababu yenyewe ina uzito wa kilo 1,249.

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa sayansi za jamii aliyepita katika kozi yangu ndogo ya utangulizi wa programu, alirudi kijijini kwao wakati wa likizo na kukikuta chama cha msingi cha wakulima kimo mashakani. Kwa miaka mingi karani wa mizani alikuwa akiingiza uzito wa korosho katika programu ya QBasic iliyoendeshwa kwenye kompyuta kuukuu. Kompyuta ile ikafa. Mpya waliyonunua haikukubali kuiendesha, kwa kuwa QBasic ni ya zama za MS-DOS, na Windows za biti 64 haziendeshi programu za namna hiyo. Kijana akauhamishia msimbo kwenye QB64, programu huria inayoiwezesha BASIC ya kale kufanya kazi kwenye mashine za leo. Kisha akaniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Niiache kama ilivyokuwa, au niiboreshe?"

Nikamjibu aiboreshe. Nilimshauri ayaondoe maswali yaliyokuwa yakitokea kwenye skrini nyeusi ya maandishi, ile tunayoiita konsoli, na mahali pake aweke visanduku vya mazungumzo, yaani vile vidirisha vidogo vyenye swali, nafasi ya kuandikia jibu, na vitufe viwili chini. Tawi la QB64 liitwalo Phoenix Edition lina amri za kazi hiyo, kwa hiyo haikuhitaji zaidi ya jioni moja. Palipokuwa na mstari huu:

INPUT "Kilo ngapi", kilo

akaweka hii miwili:

jibu$ = _INPUTBOX$("Mizani", "Kilo ngapi?", "")
kilo = VAL(jibu$)

Akanitumia picha ya skrini. Nikampongeza. Nikaionyesha hata darasani, kama mfano wa elimu inayorudi kijijini kulipa deni.

Baada ya majuma machache karani akampigia simu. "Mwanangu," akamwambia, "hii mashine yako ina adabu kuliko ile ya zamani, lakini inaiba." Mkulima mmoja alikuwa ameleta kilo 1,250, na stakabadhi ya karatasi anayo mkononi. Katika orodha ya malipo alisomeka kuwa ameleta kilo moja. Kijana akamuuliza kwa unyenyekevu, "Mama, huenda kidole kiliteleza?" Naye akamjibu kwamba kidole hakikuteleza, aliandika kama alivyofundishwa shuleni: moja, mkato, mbili, tano, sifuri.

Alisema kweli. Amri ya VAL husoma tarakimu kutoka kushoto na kukoma pale inapokutana na alama isiyoitambua. Mkato ni mojawapo ya alama hizo. Kwa hiyo 1,250 huwa 1, na 12,500 huwa 12. VAL hailalamiki wala haitoi onyo. Hurudisha ilichokipata na kwenda zake. Programu ya zamani, pamoja na ukavu wake wote, isingeyafanya hayo. Kwa amri ya INPUT, mkato hutenganisha majibu mawili, na anayeandika 1,250 mahali panapotakiwa namba moja huambiwa "Redo from start", maana yake anza upya. Karani hakukijua Kiingereza hicho, lakini kwa miaka yote ile alijua kwamba mashine imekataa, naye akaandika tena bila mkato. Kidirisha changu kizuri kililipokea kosa bila neno na kulifikisha hadi kwenye malipo.

Mkulima yule alilipwa stahiki yake kwa sababu alikuwa ameitunza karatasi. Usingizi wangu umekuwa ukisumbuliwa na wale ambao hawakuitunza.

Niliposimulia kisa hiki chuoni, nilipata majibu ya aina mbili, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipoanzia.

Kundi la kwanza ni la wabeuzi. Hawa walisema: ulitarajia nini kwa BASIC? Ndiyo lugha ambayo mwaka 1975 mwanasayansi Edsger Dijkstra aliandika kwamba huwaharibu akili wanafunzi walioianza kabla ya nyingine. Itupeni, wafundisheni vijana lugha za kisasa, na tatizo litakwisha. Napenda kuwauliza wabeuzi hawa wameshapata kujaribu nini. JavaScript, lugha inayoendesha kurasa za wavuti duniani kote, ina amri ya parseFloat. Ipe 1,250 nayo itakurudishia 1, kimya kimya vilevile. Kosa halikuwa la lugha. Lilikuwa la mwalimu aliyedhani kwamba kubadilisha sura ya swali ni sawa na kubadilisha namna ya kulisikiliza jibu, na mwalimu huyo ni mimi.

Aidha, wabeuzi hawaijui historia ya kitu wanachokibeza. BASIC ilizaliwa katika chuo cha Dartmouth, Marekani, alfajiri ya Mei 1, 1964, kwa mikono ya John Kemeny na Thomas Kurtz. Hawakuwa wakiwatafutia wahandisi chombo kipya; wahandisi walikuwa na vyombo vyao tayari. Walitaka mwanafunzi wa historia au wa fasihi naye aweze kuiamrisha kompyuta, kwa maneno machache yanayofanana na lugha ya kawaida. Ulikuwa uamuzi wa kisiasa kwa maana pana ya neno hilo: nani aruhusiwe kuingia katika chumba cha mashine? Kijana wangu wa sayansi za jamii ni mjukuu halali wa uamuzi huo. Bila lugha nyepesi asingeweza kukisaidia chama chake hata kidogo, na wabeuzi wasingekwenda kijijini kukisaidia.

Jambo lingine ni kwamba BASIC ile ya kwanza haikuwa na uwezo wa kumuuliza mtu chochote. Takwimu ziliandikwa ndani ya programu yenyewe kwa neno DATA na kusomwa kwa neno READ. Neno INPUT lilikuja katika toleo la mwaka 1966, na hapo ndipo programu ilipoanza kusimama katikati ya kazi, ikatoa alama ya kuuliza, na kumngoja binadamu. Mwaka 1991 ikaja Visual Basic na amri yake ya InputBox, swali likaingia ndani ya dirisha. Kwa hiyo hiki tunachokiongeza leo kwenye programu za konsoli ni hatua ya tatu ya safari ndefu kutoka mashine isiyouliza hadi mashine inayouliza kwa heshima. Kuidharau safari hiyo ni kuwadharau wale ambao kwa ajili yao safari ilianza.

Kundi la pili ni la wapambaji, nami nilikuwa mmoja wao. Hawa hawana haja na hoja za kundi la kwanza. Wao husema: weka visanduku zaidi, weka rangi, weka picha ndogo ya mizani pembeni, watu watafurahi. Wapambaji wamesahau methali ya kwetu kwamba nyumba njema si mlango. Kidirisha ni mlango. Ukiufungua mlango mpya katika nyumba ambayo sakafu yake imeoza, umewarahisishia wageni kutumbukia.

Tutazame basi ndani ya nyumba, maana humo mna jambo baya kuliko mkato. Katika QBasic, karani anapoulizwa kilo ngapi na kubonyeza Enter bila kuandika kitu, programu huandika sifuri. Hakuna njia ya kusema "sijui", wala "ngoja, mzigo bado haujapimwa", wala "swali hili si langu kulijibu". Kila asiyejibu amejibu sifuri. Nilipoweka kisanduku chenye kitufe cha kughairi, nilidhani nimempa karani haki ya kukataa. Sikumpa. Anapobonyeza kitufe cha kughairi, _INPUTBOX$ hurudisha matini tupu. Anapobonyeza kitufe cha kukubali bila kuandika chochote, hurudisha matini tupu ileile. InputBox ya Visual Basic nayo ina tabia hiyohiyo. Na VAL ya matini tupu ni sifuri. Dirisha lina vitufe viwili, lakini nyuma yake aliyekataa, aliyenyamaza na aliyeleta sifuri wameandikwa mstari mmoja.

Sifuri ni madai. Orodha ikisema mkulima ameleta kilo sifuri, imesema kwamba alipimiwa na hakuonekana kuwa na kitu. Mzigo ambao haujapimwa ni habari nyingine kabisa. Mkutano mkuu wa chama ukisomewa orodha hiyo, mwenye sifuri ataonekana mzembe au mdaiwa, na atasimama kujitetea dhidi ya jambo ambalo hakulisema na karani hakuliandika. Liliandikwa na uvivu wa aliyetunga swali.

Wapo watakaosema nakuza mambo. Nawakumbusha wasifu wa John Kemeny yuleyule. Machi 1979, kinu cha nyuklia cha Three Mile Island katika jimbo la Pennsylvania kilipata ajali, na Rais Jimmy Carter akamteua Kemeny kuongoza tume ya uchunguzi. Tume hiyo ilionyesha kwamba ubovu wa mitambo peke yake hautoshi kuieleza ajali; mafunzo ya waendeshaji, taratibu zao na mpangilio wa chumba cha udhibiti vilichangia pakubwa. Katika dakika za mwanzo ving'ora zaidi ya 100 vililia kwa pamoja. Na kulikuwa na taa moja iliyohusu vali iliyopaswa kufungwa. Taa ilizimika, waendeshaji wakaamini vali imefungwa. Kumbe taa ile ilionyesha kwamba amri ya kufunga imetumwa, haikuonyesha hali ya vali. Vali ilikuwa imekwama wazi, na maji ya kupoozea kinu yakaendelea kutoroka.

Siulinganishi mzani wa korosho na kinu cha nyuklia kwa ukubwa wa hatari. Naulinganisha uongo wao, ambao ni wa ukoo mmoja. Kisanduku kinachofunga mara tu karani anapobonyeza kitufe cha kukubali kinamwambia kwamba jibu limetumwa. Hakimwambii jibu limefikaje. Aliandika 1,250, programu ikaelewa 1, kisanduku kikatoweka na ushahidi wote ukatoweka nacho. Konsoli ya zamani angalau iliyaacha maandishi kwenye skrini, swali na jibu, mstari chini ya mstari kama daftari la duka, na karani angeweza kuinua macho na kuona alichokiandika.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na anayetaka kuiondoa konsoli, wala na anayekataa madirisha. Msimamo wangu ni kwamba visanduku viongezwe juu ya konsoli, konsoli ibaki, na kila kimoja kipewe kazi yake. Dirisha liulize, konsoli ishuhudie. Nilimwambia kijana wangu ayafanye mambo manne, naye ameyafanya.

La kwanza, asimwamini VAL kabla ya kulichunguza jibu. Jibu lisomwe herufi kwa herufi. Mkato unaotenganisha maelfu uondolewe, kwa kuwa ndivyo watu wetu wanavyoandika namba na mashine ndiyo inayopaswa kujifunza. Ikikutwa herufi nyingine isiyo tarakimu, programu ikatae kwa Kiswahili kinachoeleweka na kusema ni nini hasa ambacho haikukielewa.

La pili, matini tupu isigeuzwe namba kamwe. Jibu likija tupu, kisanduku cha pili, _MESSAGEBOX, kiulize kama mzigo haujapimwa au kama karani anataka kurudi nyuma. Akisema haujapimwa, daftari liandike neno HAUJAPIMWA. Sifuri iandikwe pale tu ambapo mtu ameiandika sifuri kwa mkono wake.

La tatu, lugha ya vitufe. Mwandishi wa programu hutunga swali, lakini maneno ya vitufe kwa kawaida hutoka kwenye mfumo endeshi. Matokeo yake karani huulizwa kwa Kiswahili na kutakiwa ajibu "Yes" au "No". Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili toka menyu hadi vitufe. Tulikwishaonyesha kwamba inawezekana. Hadi mfumo wa kompyuta ya chama utakapozungumza hivyo, swali lenyewe lieleze kila kitufe kina maana gani, na lisitungwe kamwe kwa ukanushi unaomfanya mtu aseme ndiyo akimaanisha hapana.

La nne, kila kisanduku kinapofungwa, konsoli ichape mstari mmoja: jina la mkulima, maandishi kama yalivyoandikwa, na namba kama ilivyoeleweka, vyote viwili bega kwa bega. Mstari huohuo uhifadhiwe kwenye faili. Siku ya ugomvi pasiwe na haja ya kumtegemea mkulima aliyetunza karatasi.

Mtu atasema haya yote ni kazi kubwa kwa faida ndogo. Hebu na aitazame simu yake. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki, wakiwemo wasiopata kugusa kompyuta, wametuma fedha kwa menyu za maandishi matupu, bila picha wala dirisha. Waliziamini kwa sababu ziliwauliza kwa lugha yao, zikawarudishia kiasi na mpokeaji ili wathibitishe, na zikawaachia ujumbe wa kuonyesha. Mlolongo huo ndio uliokosekana katika programu niliyoisifu, na usingepatikana kwa kuongeza rangi.

Sasa niseme kwa nini nimeyaleta haya hapa badala ya kuyapeleka kwenye jarida la kompyuta. Nchi yetu inazidi kuulizwa maswali na mashine. Mkulima, mgonjwa, mwanafunzi anayeomba mkopo, mjane anayefuatilia mirathi, wote wanaelekezwa kwenye kidirisha. Mbele ya kila kidirisha ameketi mtu, na nyuma yake kuna mstari wa msimbo unaoamua kunyamaza kwake kuhesabiweje. Nasi tunayo desturi ya zamani kuliko kompyuta ya kuhesabu kimya kwa faida ya anayeuliza. Mikutano mingapi tumehudhuria ambapo mwenyekiti aliuliza "Kuna mwenye swali?", akasubiri kufumba na kufumbua, kisha akaandika kwamba wananchi wameridhia? Kijana anayefundishwa kuandika kilo = VAL(jibu$) na kupewa alama zote kwa sababu dirisha linapendeza, anafundishwa desturi hiyohiyo kwa herufi za kisasa. Na mwalimu wake ndiye anayemfundisha.

Muhula huu nimeibadilisha namna ya kusahihisha. Mwanafunzi anayeniletea programu yenye visanduku vya mazungumzo, simtazami kwanza sura ya dirisha. Naketi mbele yake na kuandika 1,250. Kisha nabonyeza kitufe cha kughairi. Kisha nabonyeza cha kukubali bila kuandika kitu. Baada ya hapo namwomba anionyeshe kwenye konsoli ni nini kilichoandikwa kuhusu mimi. Wengi wao bado wananiandika sifuri. Huwarudishia kazi wakaanze upya, na wanalalamika kwamba nimekuwa mkali.

Karani wa mizani ameipokea programu iliyorekebishwa. Kijana alimuuliza kama sasa inafaa. Alijibu, "Inafaa, mwanangu. Siku hizi nikinyamaza inaniuliza kwa nini." Nawaomba wasomi wenzangu wa makundi yote mawili, kabla ya kuibeza lugha au kulipamba dirisha, wamsikilize mama huyo.